Kalemie: Kuku ya mwambe haihesabiwi vitu nane

Popote Kalemie panapopikwa chakula cha watu wengi, iwe ndoa, iwe ubatizo, iwe kumaliza matanga, kuna jina ambalo halikosi kutajwa: kuku ya mwambe. Watu wanaipenda sana. Lakini ukiuliza jina hilo lina maana gani, wengi wanajibu kwa haraka: mwambe ni nane kwa Lingala, kwa hiyo kuku ya mwambe ni chakula cha vitu nane. Kikikosekana kimoja, hiyo si mwambe, ni mchuzi tu.

Jibu hilo halikuzaliwa hapa. Linasemwa Kinshasa, na limeandikwa hata katika vitabu vya mapishi vya Ulaya. Ni jibu linalopendeza kusikia, lakini si sahihi. Na kwa wakati huu, Kalemie ikiwa imejaa jamaa zilizokimbia vita, jibu hilo linaweza kumwumiza mtu. Mama ambaye mambo mengine yote yamempotea asije kuambiwa kwamba hata chakula anachojua kupika kina upungufu, kwa sababu ya hesabu ambayo waliotoa jina hilo hawakuifanya.

Kwanza, mwambe ni nini? Ni mchuzi mzito unaotoka katika ngazi, tunda la mti wa mawese. Ngazi zinachemshwa mpaka nyama yake ilainike. Kisha zinatwangwa katika kinu, taratibu, ili kokwa zisivunjike. Maji ya moto yanatiwa, makapi yanakamuliwa kwa mikono, yote yanachujwa, kokwa na nyuzi zinatupwa. Maji mekundu yaliyobaki yanawekwa motoni na kuchemka mpaka yawe mazito na mafuta yapande juu. Hapo ndipo kitunguu, nyanya, pilipili na chumvi vinaingia, na kuku aliyekwisha kuchemshwa au kukaangwa kidogo anamalizia kuivia humo. Akiwa kuku ya kijiji, mwenye nyama ngumu, ni vizuri zaidi, maana anavumilia moto mrefu na mchuzi unapata nafasi ya kumwingia.

Tofauti moja isisahaulike. Mafuta ya mawese peke yake si mwambe. Mawese ni mafuta yaliyokwisha kutengwa na tunda. Mwambe ni tunda zima, pamoja na nyama yake, isipokuwa kokwa na nyuzi. Anayemimina mawese katika sufuria ya kuku amepika kuku kwa mawese, na ni chakula kizuri, lakini bado hajafika kwenye mwambe. Kama kuna mpaka wa kuweka katika jambo hili, mpaka ni huo wa ngazi. Idadi ya vitu haimo.

Sasa hiyo nane imetoka wapi? Mtu akihesabu kwa Lingala anasema moko, mibale, misato, minei, mitano, motoba, sambo, mwambe. Ni kweli kabisa, mwambe ya Lingala ni nane. Na wanaoshika maelezo hayo wana orodha yao: ngazi, kuku, samaki, karanga, muchele, sombe, ndizi na pilipili. Ukivihesabu, ni vinane kamili. Mtu akisikia hivyo anasema basi, imekwisha, jina limeeleweka.

Lakini orodha hiyo itazamwe vizuri. Muchele hauingii katika chungu cha mwambe. Unapikwa peke yake na kuwekwa pembeni. Sombe ina sufuria yake. Ndizi zinakaangwa mbali. Hiyo ni hesabu ya meza ya siku kuu, si hesabu ya mchuzi. Hapa Kalemie watu wengi wanakula mwambe na bukari, na bukari haimo katika ile nane. Je, mtu anayemega bukari na kuichovya katika mchuzi wa ngazi hajala mwambe? Hakuna mtu wa hapa atakayekubali neno hilo.

Sababu ya pili ina nguvu kuliko ya kwanza. Mwambe si chakula kilichoanzia kwa wasemaji wa Lingala. Chimbuko la jina liko magharibi, upande wa Bakongo, karibu na mdomo wa mto na kushuka hadi Angola. Kwa Kikongo mchuzi huo unaitwa mwamba, na kuku wa mchuzi huo ni mwamba nsusu, maana nsusu ni kuku. Angola wanaandika muamba, na muamba ya kuku ni moja ya vyakula vinavyojulisha nchi ile. Na Mkongo akihesabu anasemaje akifika nane? Anasema nana. Ni neno moja na nane ya Kiswahili, kwa kuwa lugha hizi zina babu mmoja. Basi watu waliokiita chakula chao mwamba walikuwa na neno lingine kabisa la nane. Walipokuwa wakitoa jina hilo, walikuwa wanataja mchuzi.

Tena Bakongo hao hao wanapika mwamba nguba, na nguba ni karanga. Waangola nao wana muamba ya karanga. Kama mwamba ingekuwa nane, mwamba ya karanga ingekuwa na maana gani? Jina linafuata mchuzi mzito wenye mafuta, ambao kwanza ni wa ngazi, kisha watu wameliazima kwa karanga. Na Gabon, kuku wa ngazi anaitwa kwa jina la nyembwe, ambalo nalo linataja mchuzi wa mawese. Kusini mwa Nigeria, supu ya ngazi inaitwa banga, na banga ni tunda lenyewe. Kila mahali penye mti huu, watu wamekiita chakula kwa kutaja kilicho ndani ya chungu. Hakuna sababu Congo peke yake iwe imehesabu vidole.

Kilichotokea ni rahisi kueleza. Neno mwamba lilipanda mto na kukutana na Lingala, lugha iliyokua kutoka Kibobangi, lugha ya wafanya biashara wa mtoni. Huko mwamba likawa mwambe, na huko kulikuwa tayari na mwambe nyingine, ile ya nane. Maneno mawili yenye sauti moja yakakaa nyumba moja. Baadaye watu walipouliza, yule wa nane akajibu kwa niaba ya yule wa mchuzi. Wazungu wakaandika moambe, Wabelgiji wakaipeleka kwao, na leo katika mtaa wa Matonge huko Brussels mtu anaweza kukaa mezani na kuagiza kuku ya moambe, huku akielezwa habari ya vitu nane.

Jambo la sauti moja kuleta maana isiyo yake si geni kwa wasemaji wa Kiswahili. Pwani ya Kenya kuna kuku anayeitwa kuku paka. Mgeni akisikia anashtuka, anafikiri amewekewa paka katika sahani. Kumbe jina ni kuku wa kupaka: anachomwa, anapakwa mchuzi wa nazi, kisha analiwa. Paka mnyama hana habari yoyote katika chakula hicho. Hapa Kalemie nako, waliorudi kutoka kambi za Tanzania wanakumbuka vichekesho vya neno ngazi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, Lugufu ilifungwa mwaka 2009, na watu wengi wa upande huu wa ziwa waliishi miaka mingi huko Kigoma. Ukimwambia Mtanzania kwamba unakwenda sokoni kununua ngazi, anafikiri unataka kupanda juu ya nyumba, maana kwake ngazi ni kitu cha kupandia. Tunda hilo yeye analiita chikichi. Nani amekosea kati yao? Hakuna. Kila mmoja anataja kitu chake kwa jina la kwao. Kosa linaanza pale mmoja anapomwambia mwenzake kwamba jina lake si jina.

Hapo ndipo habari hii inapogusa maisha ya watu.

Kalemie imepokea jamaa nyingi. Miaka ya 2016 na 2017, mapigano kati ya Batwa na Baluba yalivunja vijiji vya Nyunzu, Kabalo, Manono na vya Kalemie yenyewe, na watu wakajaa katika maeneo kama Katanika na Kalunga. Kuanzia Februari 2025, vita vya Kivu ya Kusini vikaleta wengine, wengi wao kwa mashua juu ya ziwa, kutoka Uvira na kandokando yake. Wengine wanakaa chini ya mahema, wengine wamepokelewa katika nyumba za wenyeji, jiko moja kwa jamaa mbili au tatu.

Jiko moja kwa jamaa mbili ni shule kubwa, lakini pia ni mahali pa kujeruhiana. Chukua mfano wa mama aliyefika na watoto na nguo walizovaa. Miezi inapita, anauza maandazi, anabeba mizigo bandarini, anaweka franka moja moja. Siku moja anapata kuku mdogo na fungu la ngazi. Anatwanga, anakamua, anapika. Watoto wanasikia harufu ambayo hawajaisikia tangu walipotoka kwao. Kisha jirani anapita, anachungulia chungu na kusema: "Mama, hii haiko mwambe. Mwambe iko na vitu munane. Samaki iko wapi? Muchele iko wapi?"

Pengine amesema kwa mchezo tu, bila ubaya. Lakini mtoto amesikia. Amesikia kwamba chakula cha mama yake hakijatimia, na kwamba kuna chakula cha kweli ambacho ni cha wenye uwezo. Hapo hesabu ya nane imekwisha kuwa hesabu ya bei. Inasema kwamba maskini hawezi kupika mwambe. Na huo ni uongo, tena uongo mkubwa, kwa sababu mwambe kwa asili yake ni chakula cha mtu mwenye mti wa mawese nyuma ya nyumba na kuku anayetembea uani. Ni chakula cha kijijini. Meza ya vitu nane imekuja baadaye, mijini, kwa siku kuu.

Madhara hayaishii kwa waliokimbia. Wenyeji nao yanawafikia. Katika ndoa na matanga, jamaa zinajikaza kutimiza meza ili watu wasiseme. Anayeamini kwamba mwambe ni lazima iwe na vitu nane atakopa ili apate kile cha nane. Mgeni atashiba kwa siku moja, deni litabaki nyumbani kwa miezi. Mtu akitaka kuweka meza kubwa na ana uwezo wake, aiweke kwa furaha. Lakini asikope kwa sababu ya neno la Lingala ambalo halina uhusiano na chungu chake.

Kuna watakaopinga. Watasema: lugha ni matumizi. Kama watu wengi wanaamini mwambe ni nane, basi imekuwa nane, na Lingala nayo ni lugha ya taifa kama Kiswahili, Kikongo na Tshiluba. Pingamizi hilo lina haki yake. Hakuna anayemkataza mtu kuweka vitu vinane mezani na kufurahi kwa kuvihesabu mbele ya wageni. Simulizi nzuri nayo ni kiungo. Lakini simulizi ikiwa ya kufurahisha meza ni jambo moja, ikiwa ya kuamua nani amepika na nani hajapika ni jambo lingine. Ya kwanza ibaki. Ya pili iachwe.

Wengine watasema kwamba hayo ni mambo madogo, kwamba aliyekimbia vita anahitaji hema, dawa na unga, si maana ya maneno. Ni kweli anahitaji hema, dawa na unga, na wanaopaswa kuvileta wasipumzike. Lakini mtu haishi kwa kupokea tu. Unga wa msaada na mafuta ya mkebe vinamfanya aendelee kuwa hai, lakini havimwambii yeye ni nani. Chungu chake kinamwambia. Mama anayejua kutwanga ngazi bila kuvunja kokwa ana ujuzi ambao hakuna aliyempa na ambao vita havikuweza kumnyang'anya. Kumwambia kwamba ujuzi huo haufai ni kumpora kitu cha mwisho alichobaki nacho.

Tena, nani katika Kalemie anaweza kusema kwamba jina hili ni lake, mwingine ni mgeni? Mwambe imetoka magharibi, maelfu ya kilometa. Imefika kwa Lingala ya askari wa Force Publique na ya majeshi yaliyofuata, kwa muziki wa Kinshasa, kwa wafanyakazi wa serikali waliohamishwa huku na huku. Kiswahili chenyewe kinachosemwa hapa kilivuka ziwa katika mitumbwi ya misafara kutoka Ujiji, ikitua Mtoa, kaskazini ya mji, kabla Albertville haijawa mji. Reli kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, na kwa reli hiyo wakaja watu wa kila kabila kufanya kazi bandarini. Hapa jina la chakula limefika kwa safari, lugha imefika kwa safari, na wakaaji wengi, au baba zao, au babu zao, wamefika kwa safari. Mama aliyeshuka kwenye mashua kutoka Uvira mwaka 2025 ameingia kwa mlango uleule ambao Kiswahili kiliingia.

Basi kuna mambo machache ambayo kila mtu anaweza kuyafanya, na hayagharimu franka.

La kwanza, mwenyeji anayekaa jiko moja na jamaa iliyokimbia aulize: "Kwenu munaitaje hii? Munapika namna gani?" Ataambiwa majina ambayo hajawahi kuyasikia, na huenda akajifunza njia ya kukamua ngazi inayotoa mchuzi mzito kuliko yake. Kuuliza ni heshima. Kusahihisha chungu cha mwenzako bila kuulizwa ni dharau.

La pili, walimu wanaopokea watoto wa sehemu nyingi katika darasa moja walitumie jambo hili. Kila mtoto alete jina la chakula kimoja cha kwao, aseme kinapikwaje na jina lina maana gani. Mtoto wa Nyunzu, wa Fizi, wa Moba na wa Kalemie watajikuta wanazungumza kitu kimoja kwa majina manne. Katika jimbo ambamo watu wamechinjana kwa sababu ya kabila, somo hilo lina kazi kuliko linavyoonekana.

La tatu, akina mama waliokimbia wanaojua kupika wapewe nafasi ya kuuza chakula chao bila kusumbuliwa, na bila kulazimishwa kukiita kwa jina la mtu mwingine. Mnunuzi ataamua kwa ulimi wake.

La nne linawahusu wenye kuandaa ndoa na matanga. Mkutano wa jamaa unapopanga chakula, mtu mmoja awe na moyo wa kusema: ngazi zipo, kuku yupo, bukari ipo, pilipili ipo, inatosha. Wazee watakaoambiwa hivyo wasione haya. Hivyo ndivyo wazee wao walivyopika.

Na kwa mama aliye chini ya hema leo, anayesikiliza redio ya jirani au anayesomewa habari hii na mtoto wake, neno ni fupi. Mwambe ni jina la mchuzi wa ngazi. Ukikosa samaki, ni mwambe. Ukikosa muchele, ni mwambe. Hata siku kuku hayupo na umetia maharagwe ya msaada katika ule mchuzi, bado ni mwambe, ya maharagwe. Mtu akija kuhesabu chungu chako, mpe kiti, mpe bukari, akanyage mwenyewe mchuzi huo kwa tonge. Akishiba ndipo mumwulize kama bado anatafuta cha nane.